Filamu Ileile Mara ya Saba: Tuwafungie Watoto Mlango au Tukae Nao?



Ndugu wazazi na walezi wetu, jioni moja baada ya swala ya Magharibi tulikuwa tumekaa nje ya msikiti, hapa Busasamana. Ukungu ulishaanza kushuka na kila mtu alikuwa amejikunyata ndani ya koti lake, ndipo baba mmoja miongoni mwetu akatoa shida yake. Kijana wake wa miaka 13 huenda kila Jumamosi kwenye kibanda cha video pale senta. Jambo hilo baba alikuwa analijua na alishalinyamazia. Kilichomkasirisha ni kugundua kwamba kijana anaangalia filamu ileile moja, na sasa amefika mara ya saba. Kila mara hutoa faranga 100, na faranga hizo huzipata kwa kusaidia kuchambua viazi wakati wa mavuno.

"Ingekuwa filamu mpya ningeelewa," alisema. "Lakini mtu anawezaje kununua kila wiki kitu ambacho tayari anacho?"

Alipomuuliza kijana mwenyewe, alijibiwa hivi: "Baba, mwisho wake naujua, ndiyo maana naenda."

Wengine tulicheka. Wengine walisema kijana apigwe marufuku kabisa, na mmoja akataka twende kumwona mwenye kibanda. Tulibishana mpaka adhana ya Isha. Tumeona tuliandike jambo hili hapa kwa sababu si shida ya nyumba moja. Hata nyumba ambayo mtoto hajawahi kukanyaga kibanda cha video, ipo simu, na ndani ya simu ipo filamu ambayo mtoto ameshaiona mara kumi huku sisi hatujaiona hata mara moja.

Wazee wetu nao walirudia

Katika kikao kile alikuwepo mzee wetu ambaye ujanani alifanya biashara Dar es Salaam. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mimi Awara niliiona mara ambazo sikuzihesabu. Msimcheke mtoto."

Vijana wa leo huenda hawaijui filamu hiyo. Awara ilitoka India mwaka 1951. Aliyeiongoza ni Raj Kapoor, ambaye pia ndiye mchezaji mkuu, pamoja na bibi Nargis. Ilitembea dunia nzima, kuanzia nchi za Kiarabu hadi Urusi ya zamani, ambako ilitazamwa na mamilioni ya watu. Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki ilipendwa mno. Watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo zake, na ilipotangazwa kwamba inarudi walipanga foleni upya kana kwamba hawajawahi kuiona.

Unguja nako ilikuwa hivyo hivyo. Pale Vuga palikuwa na sinema iliyoitwa Royal, iliyofunguliwa mwaka 1921. Ilipoungua, mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima mwaka 2018 kuhusu watazamaji wa sinema wa Tanzania, ameeleza jinsi watu walivyokwenda kwa familia, wakatoka wakijadili, na mjadala ukaendelea majumbani na barazani siku nyingi baada ya onyesho. Yalikuwepo hata maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ambapo mama na mabinti zao na majirani walikwenda pamoja bila ya wanaume ukumbini.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa Waislamu, watu wa swala na wa stara. Hawakuiacha sinema iwalee watoto wao yenyewe, wala wengi wao hawakukubali kwamba njia pekee ni kuukimbia mlango wake. Waliipangia siku, wakaipangia adabu, wakaenda pamoja. Na filamu waliyoipenda waliirudia.

Na si kwetu tu. Mjini Mumbai, India, ipo sinema inayoitwa Maratha Mandir. Filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ilianza kuonyeshwa hapo Oktoba 1995, na Desemba 2014 ilitimiza wiki 1,000 katika ukumbi huo huo. Wiki elfu moja si watazamaji wapya watupu. Wamo waliorudi na kurudi, wanaoyatamka maneno kabla mchezaji hajafungua kinywa.

Kwa nini mtu arudie?

Mara ya kwanza mtu huangalia filamu kwa kutaka kujua itakuwaje. Hofu ya "itakuwaje" humkamata mpaka haoni mengine. Mara ya pili hofu hiyo imeondoka, na sasa anaziona nyuso: anamwona yule aliyesema uongo na jinsi macho yake yalivyokwepa, jambo ambalo mara ya kwanza lilimpita. Mara ya tatu anaanza kubishana na filamu yenyewe. Kwa nini mama yule alinyamaza? Kwa nini ndugu yule hakusamehe? Kuanzia hapo filamu imeacha kuwa kisa cha watu wengine na imekuwa mahali anapokwenda kufikiria mambo yake.

Tena ukumbini hayuko peke yake. Watu thelathini wanaojua kwamba adui amejificha nyuma ya mlango wanapiga kelele pamoja kumwonya shujaa, ingawa wote wanajua kwamba hasikii. Furaha hiyo huipati peke yako na simu chini ya blanketi.

Hapa Rwanda kuna sababu nyingine, nayo ni msimulizi. Wengi wenu mnazijua filamu za agasobanuye, ambazo mtu huweka sauti yake juu ya filamu ya kigeni na kuieleza kwa Kinyarwanda, huku akichekesha na kuongeza ya kwake. Marehemu Yanga, aliyefariki mwaka 2022, alipata umaarufu nchi nzima kwa kazi hiyo, na baada yake wamekuja wengine kama Junior Giti na Rocky Kimomo. Upande wa Kiswahili, Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, na kanda zake zilisambaa sana. Filamu ya Kichina ikipita katika kinywa cha msimulizi hodari inakuwa filamu ya hapa nyumbani, na mtu hurudi kumsikiliza yeye kama bibi alivyokuwa akirudiwa kwa hadithi ambayo wajukuu wote walishaijua. Mtoto hamwambii bibi, "Hiyo ulishatuambia." Humwambia, "Tuambie tena ile."

Kinachorudiwa ndicho kinachokaa

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, maana hatuandiki hapa kusifu sinema tu.

Kila mzazi aliyempeleka mtoto madrasa anajua siri ya kuhifadhi. Mwalimu anasoma, mtoto anarudia. Anarudia leo, anarudia kesho, anarudia akichunga mbuzi, mpaka Juzuu Amma imekaa kifuani na ulimi unakwenda wenyewe. Mtoto hahifadhi kwa sababu ameelewa kila neno. Anahifadhi kwa sababu amerudia, na kuelewa kunakuja baadaye kukiwa na pa kukaa.

Ulimi huo huo na kifua hicho hicho ndivyo anavyokwenda navyo kwenye kibanda cha video. Filamu aliyoiona mara moja itapita kama mvua ya dakika tano. Aliyoiona mara saba ameihifadhi. Kwa hiyo anayemuuliza mtoto, "Umeona filamu gani mpya?" ameuliza swali jepesi. Swali zito ni hili: "Ipi unayoirudia?"

Na sisi wa nchi hii hatuhitaji kufundishwa na mtu yeyote nguvu ya maneno yanayorudiwa. Redio ya RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Watu waliipenda kwa muziki wake na mzaha wake, wakaifungua asubuhi na jioni. Ndani ya muziki na mzaha huo matusi dhidi ya Watutsi yalirudiwa kila siku mpaka masikio yakazoea, na mwaka 1994 tukaona kilichotokea katika mauaji ya kimbari. Hatusemi redio peke yake ilifanya yote; watu walipanga na watu wakaua. Lakini tumejifunza kwamba chuki inayokuja ikichekesha, tena ikarudiwa, huingia ndani kuliko ile inayokuja ikifoka mara moja.

Ndiyo maana tunairudia Awara tuliyoianza. Kisa chake ni cha hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi, basi. Kwa imani hiyo aliwahi kumhukumu mtu asiye na kosa. Mtu huyo akageuka jambazi kweli, akamteka mke wa hakimu ili amlipize kisasi. Mke aliporudi akiwa mjamzito, hakimu alimtilia shaka akamfukuza nyumbani. Mtoto akazaliwa nje, akakulia kwenye umaskini, na jambazi yule yule akamfundisha wizi. Miaka inapita, na siku moja hakimu anakutana mahakamani na kijana aliyeshtakiwa, ambaye ni damu yake mwenyewe. Filamu nzima ni swali moja: mtu anafanywa na damu, au anafanywa na malezi?

Fikirini, ndugu zetu, kijana wa miaka 15 akilirudia swali hilo mara kumi, tena katika nchi ambayo watu waliuawa kwa kuambiwa kwamba ubaya umo katika damu yao. Kurudia filamu kama hiyo si kupoteza muda. Hilo ni somo, na waliolipanga foleni Dar es Salaam na Unguja huenda walipata zaidi ya nyimbo.

Kwa hiyo kurudia kwenyewe si ubaya wala si uzuri. Kurudia ni jembe. Unaweza kulimia viazi, na unaweza kumjeruhi nalo jirani.

Hoja za ndugu zetu wanaopinga

Wapo ndugu miongoni mwetu ambao hawaangalii filamu kabisa kwa sababu ya dini yao, na tunawaheshimu. Nyumba iliyochagua hivyo isibezwe. Hata filamu ya The Message ya mwaka 1976, inayosimulia mwanzo wa Uislamu, wanazuoni waliigombania, ingawa mwongozaji wake Moustapha Akkad hakuonyesha sura ya Mtume (s.a.w.) wala kusikilizisha sauti yake. Pamoja na ubishi huo, ni filamu inayorudiwa katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa mwezi wa Ramadhani.

Wengine wanasema vibanda vina uchafu: filamu zisizofaa usiku, moshi wa sigara, watoto wanaokosa swala. Hoja hii ni ya kweli na hatuipingi. Kibanda kinachomwonyesha mtoto uchafu kifungwe mlango, na mzazi asione haya kwenda kusema hivyo kwa mwenyewe, kwa upole kwanza. Muda wa swala usichezewe.

Wengine wanasema ni upotevu wa pesa. Hapa tunauliza tu: faranga 100 za mtoto aliyechambua viazi mwenyewe, na akaja kukaa na wenzake saa mbili, ni upotevu zaidi ya zile tunazopoteza sisi kwenye vifurushi vya simu?

Lakini hoja ya kwamba "tupige marufuku tumalize" hatukuikubali. Marufuku haimalizi kitu. Mtoto aliyekatazwa kibanda ataipata filamu hiyo kwenye simu ya mwenzake, na sasa ataiangalia kwa kuiba, peke yake, bila mtu wa kumuuliza. Tutakuwa tumeondoa ukumbi na kubakiza filamu.

Tulichokubaliana

Kwanza, kila mzazi aijue filamu ambayo mtoto wake anairudia. Ajue jina lake na kisa chake, kama anavyojua jina la mwalimu wake. Maana ni mwalimu kweli.

Pili, mzazi akae aiangalie pamoja na mtoto, angalau mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila kuhubiri katikati. Baadaye amuulize swali moja tu: "Wewe unapenda hasa pale wapi?" Kisha asikilize.

Tatu, tuchague wenyewe filamu chache zinazostahili kurudiwa. Kuanzia mwaka 2005 tamasha la filamu la Rwanda, ambalo watu waliliita Hillywood, lilipeleka filamu kwenye milima na vijiji kwa kutumia skrini kubwa za kujazwa upepo. Sisi hatuna skrini ya namna hiyo, lakini shuka jeupe na projekta ya kuazima havitushindi. Mara moja kwa mwezi baada ya Isha inatosha, na kina mama wawe na siku yao kama walivyokuwa nayo wa Unguja. Filamu ikipendwa, irudiwe. Tusione haya kuionyesha mara tano.

Baba yule alikwenda

Jumamosi iliyofuata baba yule alimfuata kijana wake kibandani, akalipa faranga 100, akakaa kwenye benchi la nyuma. Filamu ilikuwa The Karate Kid, ile ya mwaka 2010 ya Jackie Chan. Ni kisa cha mtoto aliyefiwa na baba, ambaye mama yake anahamia naye China. Huko wavulana wenye nguvu wanampiga kila mara. Fundi mmoja mpole anakubali kumfundisha kujilinda, na somo lake la kwanza ni la ajabu: avae koti, avue koti, alitundike, alichukue tena. Siku baada ya siku ni hilo koti tu. Mtoto anachoka, anakasirika, anaona anapotezewa wakati. Kisha siku moja fundi anamrushia ngumi, na mikono ya mtoto inajua la kufanya. Kurudia kulikuwa kumemfundisha bila yeye kujua.

Baba alituambia kwamba wakati wa mapigano, pale wengine walipokuwa wanaruka na kupiga makofi, mtoto wake alitulia. Aliyemwona akisogea mbele ya benchi ni mtoto wa pale mwanzo, ambapo kijana wa filamu anapigwa na anamficha mama yake jicho lililovimba.

Wakirudi nyumbani gizani, baba akauliza lile swali moja: "Unapenda hasa pale wapi?"

Kijana alinyamaza njia nzima mpaka karibu na nyumba. Ndipo akasema: "Baba, yule naye walikuwa wanampiga njiani akitoka shule."

Neno "naye" ndilo lililomsimamisha baba. Miezi kadhaa mtoto wake alikuwa anapigwa na wavulana wakubwa akirudi nyumbani, na hakuna aliyejua. Hakuwa na maneno ya kulisema. Alikuwa na filamu tu, na kila Jumamosi alikwenda kuangalia mtu kama yeye akifika salama kwenye mwisho anaoujua, kwa kuwa mwisho wa kisa chake mwenyewe alikuwa haujui.

Siku chache baadaye wazazi wa pande zote walikutana, wakazungumza kama majirani, na alhamdulillah njia ile sasa ina amani. Kijana bado anakwenda kibandani baadhi ya Jumamosi. Baba anasema ameanza kuulizia filamu nyingine.

Sisi tulijiuliza, laiti angemfungia mlango ile jioni ya kwanza, angejuaje?

Ndugu wazazi, msiogope kwamba mtoto anarudia. Ogopeni kwamba anarudia na ninyi hamjui ni nini. Usiku huu, kabla hajalala, muulizeni ni filamu gani anayoijua kwa moyo. Halafu mwombeni awaonyeshe.

Wabillahi tawfiq.